Kwa anayeanza kazi ya kea kwenye nyumba ya watu wenye usonji

Mleta mada, umesema umepata kazi ya kea, yaani kuwatunza watu wanaohitaji msaada, huku Uingereza, umepangiwa nyumba wanamoishi wanaume watatu wenye usonji (autism, hali ya kuzaliwa nayo inayobadili namna mtu anavyowasiliana na kuhisi mambo), na mwenzako amekutisha kwamba mmoja wao "ni mkali, anapiga". Unauliza ujiandae vipi. Mimi huu ni mwaka wa saba kwenye kazi hii, nakueleza niliyoyaona.

Hilo neno "mkali" liache mlangoni. Nyumba niliyoanzia nilimkuta mzee wa miaka hamsini na ushee, hasemi neno hata moja, anajipiga ngumi shavu la kushoto mpaka linavimba. Ukimshika mkono, anakupiga na wewe. Kila akianza, anaongezewa dawa ya kumtuliza. Asubuhi moja nampa chai, nikaona anainamisha kichwa ili chai ipite upande wa kulia tu. Mkate uliochomwa, ambao alikuwa akiutafuna mkavu kwa raha zake, sasa anauchovya mpaka unalainika. Nikamwambia meneja: huyu anaumwa jino.

Na kweli, gego lilikuwa limeoza mpaka kwenye mzizi, limetunga usaha. Lilipong'olewa, ngumi ziliisha wiki ileile. Miezi mitano mtu anaugulia jino, sisi tunamwandikia ukali kwenye faili. Nikikumbuka bado naumia.

Kwa hiyo tabia ikibadilika ghafla, anza na mwili: meno, masikio, kufunga choo, mkojo. Wengi wao maumivu hawayaonyeshi kwa namna uliyoizoea. Mwingine hakunji hata uso.

Kumpeleka kwa daktari wa meno nako kulitaka maandalizi. Tuliomba tuwe wa kwanza asubuhi, tukasubiri ndani ya gari badala ya ukumbini, na siku tatu kabla tulikuwa tunamwonyesha picha ya kile kiti. Vitu hivi usiviombe kwa unyonge. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inawataka watoa huduma wafanye marekebisho ya namna hiyo kwa watu wenye ulemavu.

Utapewa pia mafunzo yenye jina la Oliver McGowan. Tafadhali usiyapitie harakaharaka ili upate cheti tu. Oliver alikuwa kijana wa miaka 18, ana usonji na kifafa. Mwaka 2016 alilazwa hospitali Bristol, akapewa dawa ya magonjwa ya akili ilhali yeye mwenyewe na wazazi wake walikwisha kusema asipewe. Ubongo ukavimba, akafariki. Mama yake, Paula, hakunyamaza, na mwaka 2022 sheria ya England ikawataka watoa huduma za afya na matunzo wahakikishe wafanyakazi wao wanafundishwa kuhusu usonji na ulemavu wa kujifunza.

Kwenye kuongea, chunga maneno yako. Ukimwambia "dakika moja", kuna atakayehesabu sekunde sitini, na ya sitini na moja umeshakuwa mwongo kwake. Sema "nikimaliza kuosha vyombo hivi, tunatoka", halafu kweli mtoke. Ukiuliza swali, nyamaza. Sisi tumezoea kurudia swali mtu akichelewa kujibu, lakini kwake kila ukirudia ni kama unamwanzishia upya. Macho usimlazimishe akutazame. Sisi tuliolelewa kutomkodolea macho mkubwa hili halitupi shida.

Jambo moja nalisema kwa uchungu, maana nimelisikia kwa wenzetu tunaotoka nao nyumbani: kunong'ona kwamba ni mapepo, au kutaka kumwombea mtu atolewe kitu. Usonji si pepo wala si ugonjwa unaosubiri kupona. Ndivyo alivyozaliwa. Yule mzee anasikia taa ya jikoni ikinguruma, mimi siisikii. Tulipoibadilisha, alianza kula mezani na wenzake.

Siku ya kwanza omba usome pasipoti yake ya hospitali, ile karatasi inayoeleza anavyowasiliana, anachoogopa na anavyoonyesha maumivu. Kama ni ya zamani, keti na mama yake au dada yake muiandike upya. Na huyo wanayemwita mkali, kabla hujamgusa, mwangalie kwanza anavyokula.