Ukimdai mtu aliye nchi nyingine, tafuta kwanza mali yake iko wapi

Hukumu niliyoshinda bado ninayo. Kurasa nne, mhuri wa mahakama, sahihi ya hakimu, na amri kwamba kampuni moja ya Ujerumani inilipe fedha zote za kazi ya tafsiri niliyoifanya, pamoja na riba na gharama za kesi. Haikuniletea hata senti. Naandika haya kwa sababu najua kuna mtu sasa hivi ameshika ankara isiyolipwa, moyo unamchemka, na anataka kukimbilia mahakama iliyo karibu naye kama nilivyofanya mimi.

Nilifungua kesi nyumbani kwa kuwa ilikuwa rahisi: wakili namfahamu, lugha naijua. Mdaiwa hakutokea, ikatolewa hukumu ya upande mmoja, nikaona nimemaliza. Nikaituma kwa wakili wa Ujerumani ili aikaze kule, yaani aitekeleze. Aliisoma, kisha akaniuliza, "Kwa nini hukuanza huku?"

Hukumu haivuki mpaka kwa nguvu zake yenyewe. Ujerumani huitambua hukumu ya kigeni kwa masharti. Sharti mojawapo ni kwamba nchi iliyoitoa nayo izitambue hukumu za Ujerumani. Jingine ni kwamba mdaiwa awe amepelekewa wito kwa njia halali, na kwa muda wa kutosha kujitetea. Wito wangu ulikuwa umekwenda kwa barua pepe. Zaidi ya miaka miwili ya kesi ikapotelea hapo.

Uingereza nako ningekwama, ingawa kwa njia tofauti. Pale ambapo hakuna mkataba baina ya nchi, unafungua kesi mpya ukiitumia hukumu yako kama deni, lakini mahakama itataka kujua kama mdaiwa alikuwepo katika nchi iliyomhukumu au alikubali kuhukumiwa huko. Aliyekaa kwao akanyamaza, hukumu yako haimgusi. Marekani kila jimbo lina sheria yake ya kutambua hukumu za nje. Upo Mkataba wa Hague wa 2019 unaorahisisha jambo hili, ulioanza kutumika Septemba 2023 kwa nchi za Umoja wa Ulaya isipokuwa Denmark, na Uingereza ikaingia Julai 2025, ila nchi wanachama bado ni chache.

Kwa hiyo swali la kwanza kabisa ni hili: mdeni wako ana nini, na kiko wapi? Akaunti ya benki, bidhaa ghalani, jengo, wateja anaowadai yeye. Mahakama yenye uwezo wa kushika vitu hivyo ndiyo unayoihitaji. Angalia pia kama kampuni bado ipo. Rejista za makampuni za Ujerumani na Uingereza zinasomeka bure mtandaoni. Ukikuta imeingia kwenye ufilisi, acha habari ya kushtaki. Peleka madai yako kwa msimamizi wa ufilisi kabla tarehe aliyoweka haijapita.

Sasa nieleze kilichonisaidia, maana laiti ningekijua mapema. Ujerumani ina utaratibu wa amri ya malipo unaoitwa Mahnverfahren. Unajaza fomu: nani anadaiwa, kiasi gani, kwa kazi gani, tangu lini. Mahakama haichunguzi kama kweli unadai. Inatoa amri na kumpelekea mdaiwa, naye ana wiki 2 za kupinga. Akipinga, shauri linaweza kuendelea kama kesi ya kawaida. Akikaa kimya, unaomba amri ya pili, na kwa hiyo dalali wa mahakama anaweza kwenda kushika mali. Mdai asiye na makazi Ujerumani huomba kwenye mahakama moja tu, Amtsgericht Wedding, Berlin. Riba nayo unaidai hata kama mkataba haukuitaja: kwa deni la malipo kati ya wafanyabiashara ni pointi 9 za asilimia juu ya kiwango cha msingi cha riba kinachotangazwa na benki kuu.

Siku ya kumi na moja baada ya kampuni kupokea amri, fedha ziliingia kwenye akaunti yangu. Hakuna barua, hakuna maelezo. Watu walewale walioipuuza hukumu ya kurasa nne walilipa kwa karatasi iliyotoka mahakama ya kwao.

Mdai anayeishi nchi moja ya Umoja wa Ulaya na kumdai mtu aliye nchi nyingine ya umoja huo ana njia nyepesi zaidi. Iko amri ya malipo ya Ulaya, ambayo mdaiwa ana siku 30 za kuipinga, na uko utaratibu wa madai madogo kwa deni lisilozidi yuro 5,000. Denmark, hapa tena, haimo.

Jambo lililoninyima usingizi kuliko yote ni ukomo wa muda. Ujerumani deni la kawaida hufa baada ya miaka 3, ikihesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka lilipozaliwa na wewe ukalijua. Ufaransa ni miaka 5, Uingereza 6 kwa mkataba wa kawaida. Wakili aliponipokea, nilikuwa nimebakiwa na wiki sita kufika Desemba 31. Kilichotupa nafasi ya kupumua ni barua pepe moja ya mhasibu wao: "Tunatambua ankara yako, tutalipa mwisho wa mwezi." Kukiri deni huanzisha hesabu ya muda upya chini ya sheria ya Ujerumani. Nilikuwa karibu kuifuta barua ile kwa hasira. Tafadhali, usifute chochote. Na mdeni akikupigia simu kuomba muda, mwambie aandike. Uingereza wanataka ukiri huo uwe na sahihi yake.

Wapo mawakala wa kukusanya madeni wanaolipwa kwa asilimia ya kinachopatikana. Wanafaa pale deni halibishaniwi. Likibishaniwa, utarudi kwa wakili tu.

Kwa mkataba mkubwa, weka tangu mwanzo kifungu cha usuluhishi, yaani mgogoro uamuliwe na wasuluhishi mnaowachagua badala ya mahakama. Mkataba wa New York wa 1958 una nchi zaidi ya 170, na mahakama za nchi hizo zinawajibika kutekeleza tuzo, yaani uamuzi, ya wasuluhishi kutoka nje, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Hukumu ya mahakama haina mtandao mpana kiasi hicho. Ila wasuluhishi hulipwa na nyinyi wenye mgogoro, hivyo kwa ankara kama yangu gharama ingelimeza deni lenyewe. Kwa kazi ndogo mimi huandika kwamba mgogoro utaamuliwa na mahakama za nchi ya mteja. Watu hushangaa, wanasema najinyima uwanja wa nyumbani. Mali ya mteja iko huko.

Na siku hizi naomba nusu ya malipo kabla ya kuanza, kisha nabaki na sura za mwisho za tafsiri hadi nusu ya pili iingie. Wateja wawili walikataa masharti hayo. Niliwaacha waende.