Kwa nini picha ya bati imenitoa na madoa?

SWALI: Nilipigwa picha kwa njia ya kale, ile ya bati linalopakwa dawa papo hapo. Uso umetoka na madoa ambayo kwenye kioo siyaoni, shati langu jekundu limekuwa jeusi tii, na mfuko wake umehamia upande wa pili. Mpiga picha kakosea wapi?

JIBU: Hajakosea, ndugu yangu. Dawa hiyo ni kolodioni, njia iliyotangazwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851. Hushika mwanga wa buluu na wa urujuanimno, huu wa pili macho yetu hayauoni kabisa. Nyekundu haimo kwenye hesabu yake, ndiyo maana shati likawa jeusi. Madoa nayo ni yako: jua limeyaacha ndani ya ngozi, na mwanga ule huyafichua kabla hayajajitokeza. Mfuko umehama kwa sababu picha ya bati haina negativu, ile picha ya kwanza ambayo nyingine huchapwa kutoka kwake. Kilichoangukia batini ndicho unachokishika mkononi, kushoto kikiwa kulia.

Mimi hupiga sura za watu kwa njia hii, na nakusihi usiombe madoa yafutwe. Uso wa namna hiyo hakuna kamera ya simu itakayokupa.

Ukirudi, usipake mafuta ya kukinga jua, maana huzuia mwanga uleule dawa inaoutaka, na ngozi hutoka nyeusi kuliko ilivyo. Egemeza kisogo kwenye kile chuma cha nyuma ya kiti, chagua kitu kimoja cha kukitazama, kisha tulia. Kupepesa macho hakuharibu kitu, kwani lenzi hukaa wazi sekunde kadhaa. Tabasamu ndilo linaloponza. Midomo huchoka, ikaacha ukungu.

Tena omba usimame karibu bati linapotumbukizwa kwenye dawa ya mwisho. Uso huingia umefifia, samawati, weusi na weupe vimepinduka. Halafu utando unayeyuka kuanzia pembeni, mashavu yanang'aa, na macho yanajitokeza yakikutazama. Kazi hii naipenda kwa ajili ya dakika hiyo.

Jambo moja la haraka: kama bati lako halijapakwa vanishi, lirudishe likapakwe. Picha hiyo ni madini ya fedha matupu, na ikikaa wazi hewani huchafuka.