Benchi langu linashuka ukutani

Mliuliza wiki iliyopita: mwenye kibaraza kidogo atengeneze nini cha kukalia, kwa bei nafuu, bila kumaliza nafasi?

Ndugu Mhariri, kibaraza changu hapa Mabatini, Mwanza, kina upana wa futi 4 na nusu. Upande mmoja ukuta, upande wa pili jiwe, na jiwe lenyewe halihamishiki. Nyumba ndiyo iliyolifuata mlimani. Hapo katikati wanapita wapangaji wenzangu kwenda bombani na chooni.

Nilianza kwa kukosea. Nilimpa fundi wa kuchomelea kazi ya viti viwili na kimeza cha chuma. Kwake vilipendeza. Nyumbani, mwenye ndoo kichwani akawa anapita ubavuubavu, na saa nane mchana ukivikalia unainuka bila kuambiwa. Nikaviuza kwa hasara, ndipo nikashika futikamba.

Mtu na ndoo yake wanataka futi 2 na nusu. Nikabakiwa na futi 2, zinazomtosha aliyekaa pamoja na magoti yake. Ila akishaondoka, hata kiti nacho kiondoke. Kiti kidogo kisichoondoka bado ni kikwazo.

Kwa hiyo nilifunga ukutani ubao wa inchi 2 kwa 2, urefu futi 4, kwa bolti zile zinazojitanua ndani ya tofali. (Toboa tofali lenyewe, usitoboe kiungo cha saruji, kiungo huachia.) Kalio, yaani sehemu ya kukalia, limeshikwa hapo kwa bawaba 3. Kutoka sakafuni lina inchi 18, upana wake inchi 15, kwa hiyo ukiliachia linaning'inia ukutani na chini zinabaki inchi 3 za kupitisha fagio. Miguu miwili ya inchi 17 inajikunja kuelekeana chini ya kalio: 17 na 17 ni 34, na benchi lina inchi 48, haigongani. Likishushwa, benchi zima linatoka ukutani inchi 3 tu.

Siku ya kwanza shemeji yangu alikaa, akacheka, akateleza nalo mpaka chini. Miguu inayokunjika kuelekea ndani hukunjika pia mtu akisogea upande. Nikaweka ndoano za dirisha, moja kila mguu, kutoka mguuni hadi chini ya kalio. Tangu hapo hajaanguka mtu, ingawa shemeji hukagua ndoano kwanza.

Mbao nilitumia paini. Ni nyepesi na bei yake inavumilika, lakini ikinyeshewa bila rangi huoza mapema, hasa kwenye ncha zilizokatwa maana ndiko inakonyonya maji. Nimepaka rangi ya mafuta mara mbili, kwenye ncha mara tatu. Wapo wanaoshauri oili chafu ya gari. Kwa nguzo ya uzio sawa. Kwa kiti, oili itahamia kwenye suruali. Rafiki yangu yeye hununua mbao za mitumbwi chakavu kule Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Ngumu kweli, ila misumari iliyokatikia ndani inaua msumeno.

Kalio ni mbao mbili zenye mwanya wa kidole kati yake. Mvua haitulii juu. Na asubuhi baada ya usiku wa wadudu wa ziwani, wale wanaopanda kama moshi juu ya maji na kufuata taa zetu, unapitisha fagio mara moja, wote wako chini.

Meza sikutengeneza. Pipa la maji lilikuwapo tayari, nikalikatia mfuniko wa mbao mpana kuliko mdomo wake, wenye vipande vinne chini vya kuuzuia usiteleze. Vikombe vinne na sahani ya karanga vinaenea. Anayetaka maji anatuomba tuinue vikombe.

Mbao, bawaba, bolti na rangi havikufika shilingi 45,000. Kutoboa ukuta ndiko kulikohitaji maneno mengi zaidi. Mama mwenye nyumba alikubali kwa sharti moja: siku nikihama, benchi linabaki.

Mpangaji, Mabatini