Desktopu inapiga bip tano na monita nyeusi, usikimbilie kununua mazabodi

SWALI: Habari kaka fundi, nina steshenari ndogo hapa Mbeya, natumia desktopu ya mtumba HP Compaq 6000 Pro. Juzi umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, tangu hapo nikiwasha feni inazunguka vizuri tu lakini monita haionyeshi kitu, kitaa cha batani ya pawa kinapepesa chekundu afu inapiga bip tano, inarudia rudia halafu inanyamaza ila kitaa kinaendelea. Fundi wa hapa mtaani kaifungua kidogo tu kasema mazabodi (ile bodi kuu ya ndani ya mashine) imeungua ninunue nyingine. Kazi za wateja zote ziko humo, je ni kweli?

JIBU: Pole sana dada yangu, na hiyo hela ya mazabodi iweke kwanza.

Umefanya jambo la maana sana kuhesabu hizo bip. HP za ofisini za miaka ile kabla picha haijaja kwenye monita zinajikagua zenyewe, zikikwama zinasema kwa kitaa na mlio: mbili ni prosesa (ubongo wa mashine) imepata joto kupita kiasi, tatu prosesa haipo au haijakaa, nne ni umeme wa pawa saplai (kile kisanduku kinachogawa umeme ndani), tano ni RAM (vipande vya kumbukumbu ya muda), sita ni upande wa picha. Na kunyamaza kusikutishe, bip zinarudiwa mara tano tu zinakata, kitaa ndo kinabaki kinapepesa mpaka tatizo liondoke. Sasa mashine inayoweza kukuambia tano maana yake umeme unafika, prosesa inafanya kazi na Biosi (programu ndogo inayoiamsha mashine) inasomeka. Mazabodi iliyoungua kabisa hailii hata bip moja, ndo maana sipendi kabisa mtu kuambiwa anunue mpya kabla RAM haijaguswa.

Fanya hivi. Chomoa waya wa umeme ukutani kabisa, sio kuzima swichi tu, afu shikilia batani ya pawa kama sekunde 15 ili umeme uliobaki ndani uishe. Fungua kava, gusa bati la kasha kwa mkono ili umeme tuli wa mwilini usiingie kwenye vifaa, toa RAM zote. Chukua kifutio cha penseli kisafi ufute taratibu yale meno ya rangi ya dhahabu pande zote mbili, pangusa ule unga kwa brashi kavu, na vumbi la kwenye slotu (ule mfereji RAM inapochomekwa) litoe kwa brashi hiyo hiyo. Msasa au kisu hapana!! ile dhahabu ni ya kupakwa tu, ukiikwangua ndo unaiua kweli. Mara nyingi RAM yenyewe ni nzima ila meno yameshika uchafu hayagusani vizuri na slotu.

Baada ya hapo usirudishe zote, rudisha moja tu, na uiweke kwenye slotu nyeusi yenye namba 1, maana mashine hii inataka slotu hiyo iwe na RAM, ukiiacha tupu inaweza kugoma hata kama RAM ni nzima na wengi wanapotea hapo hapo. Kandamiza mpaka usikie imebana pande zote mbili, washa. Ikikataa zima, chomoa umeme tena, weka nyingine kwenye slotu ile ile. Ikiwaka na moja ikagoma na nyingine umeshampata mgonjwa, maana umeme ukirudi kwa nguvu kweli unaweza kuua RAM moja ukaacha nyingine. Ya kununua ni RAM aina ya DDR3 ya desktopu, ya laptopu ni fupi haiingii, na DDR2, aina ya zamani zaidi, pengo lake la katikati limekaa sehemu tofauti kwa hiyo ikigoma kuingia usilazimishe. Mwambie muuzaji aijaribu mbele yako.

Zikigoma zote azima RAM nzima kwa mtu mwenye mashine inayofanana, na bado kama ni bip tano hapo nitakubaliana na fundi wako kwamba slotu au mazabodi ina shida. Kabla ya hapo hapana. Ukiwa umefungua toa na ile betri ya duara CR2032 dakika chache uirudishe, mipangilio ya Biosi ijifute, na kama tarehe ilikua inapotea kila ukizima basi weka mpya, ni ya volti 3 na bei yake ndogo.

Kazi za wateja: bip tano haihusiani na hadi diski (hard disk), ile inayotunza mafaili yako. Yeyote akikuambia lazima ifomatiwe, yaani ifutwe yote, ili mashine iwake mkatalie. Toa hadi diski, ni waya mbili na skrubu chache, chomeka kwenye desktopu nyingine yenye SATA (aina ya waya za hadi diski hiyo) ukopi mafaili yako, na ufanye hivyo hata kabla hujampa mtu mashine yako.

Umeme ukikatika tena chomoa ukutani, ukirudi subiri dakika kadhaa utulie ndo uchomeke. Kwa steshenari UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika) ni ya lazima, hata ndogo.

Jaribu afu uniambie bip zinakua ngapi, zikigeuka nne tutaacha RAM tuhamie kwenye pawa saplai.