Kwa Wadogo Zangu Wanaoanza Kusafisha Udongo kwa Bakteria

Juzi adhuhuri nilisimama kando ya shamba la nyanya karibu na mto Sabaki, nikiwatazama wanagenzi wetu wawili wakipakia sampuli za udongo nyuma ya pikapu. Mifuko ilikuwa imefungwa vizuri na kuandikwa nambari, lakini ilikuwa imeachwa juani tangu saa tatu za asubuhi, na ndani ya kila mmoja matone ya maji yalikuwa yamejipanga kwenye plastiki. Sikusema neno mbele ya mwenye shamba. Usiku ndipo nilipokaa kuandika haya, kwa sababu makosa yote niliyoyaona siku ile nimewahi kuyafanya mwenyewe, na moja bado linaniuma.

1. Udongo wenye bakteria haubebwi kama gunia la mahindi. Ukipata joto ndani ya mfuko uliofungwa hukosa hewa, bakteria wanaotegemea oksijeni hudhoofika, na dawa ya wadudu iliyomo huendelea kuvunjika njiani, hivyo kinachofika maabara sicho mlichokichimba. Tumieni kasha la barafu lenye digrii 4 za selsiasi, upitisheni udongo kwenye chekecheo la milimita 2, na msiuache ukae kiporo kabla ya kuupima.

2. Pimeni pH, yaani kipimo cha asidi au alkali ya udongo, kabla ya kufikiria bakteria. Ardhi yetu ya pwani yenye vipande vya matumbawe ina chokaa, na klorpirifosi, dawa ya kuua wadudu, kama zilivyo nyingi za kundi lake la organofosfati, huvunjika upesi zaidi penye alkali hata kama hakuna kiumbe hai hata kimoja. Nililijua hilo kutoka darasani, nikaliandika kwenye mtihani, kisha nikalisahau siku nilipolihitaji.

3. Wekeni sampuli ya kulinganishia, yaani udongo ule ule ambao hamkuutia kitu. Mtasema mmeshalisikia, nami nilikuwa nimelisikia.

Upande wa Mambrui kulikuwa na bibi mmoja mkulima wa bilinganya na nyanya, ambaye kwa miaka mingi wafanyakazi wake walikuwa wakichanganyia dawa mahali pamoja, chini ya mwembe, hatua chache kutoka kisimani. Udongo wa hapo ulinuka dawa hata wakati wa kiangazi. Niliuchukua, nikauweka katika mchuzi wa madini, yaani maji yenye chumvi za madini, ambao chakula chake pekee kilikuwa klorpirifosi, nikawa nahamisha kidogo kidogo kwenye mchuzi mpya kila wiki, mpaka wakabaki wale bakteria walioweza kuila. Niliwapenda bakteria wale kama mtu anavyopenda vifaranga alivyovilea mwenyewe. Nikawazidisha, nikawachanganya na samadi iliyooza, nikaupalilia mduara wote chini ya mwembe na kuwamwagia. Kila wiki nilipima, na kila wiki kiwango kilishuka. Baada ya miezi miwili nilikwenda kwa bibi nikamwambia, kwa maneno haya haya, kwamba udongo wake umepona. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniombea dua.

Mwalimu wangu alipoutazama mchoro wa vipimo vyangu aliuliza swali moja: "Udongo ambao hukuutia kitu umefanyaje?" Sikuwa nimeupima. Kwa bahati ilibaki ndoo moja ya udongo ule ule, imekaa nyuma ya maabara kivulini, na tulipoipima tulikuta klorpirifosi yake imeshuka karibu sawasawa na ya shamba. Chokaa, joto la Malindi na viumbe wenyeji wa udongo ule walikuwa wameifanya kazi ile ile bila mimi. Hilo lingekuwa aibu ya kitaaluma tu, lingepita. Lililo zito ni kwamba hatukuwa tumetafuta kile ambacho klorpirifosi hugeuka kuwa, yaani trikloropiridinoli, ambayo huyeyuka katika maji kuliko mama yake, husafiri na maji chini kwa chini, tena huwadhuru bakteria wale wale wanaoivunja klorpirifosi. Tulipoitafuta tuliikuta kote, katika ndoo na chini ya mwembe, na katika mchanga wa kina cha sentimita 60, kuelekea kisimani.

Nilirudi kwa bibi nikiwa peke yangu. Alinikatia dafu kabla sijafungua kinywa. Nilimweleza yote, polepole, naye akasikiliza huku akichora mistari vumbini kwa kijiti, kisha akasema: "Kwa hiyo mwanangu, sumu haikuondoka. Imebadili jina, ikahama chumba." Akamwita mjukuu wake na kumwamuru aifungue ndoo ya kisimani kwenye kamba na kuiingiza nyumbani, mpaka maji yatakapopimwa. Tangu siku hiyo sijaandika neno "safi" katika ripoti kwa sababu ya kushuka kwa namba moja. DDT, dawa nyingine ya wadudu, nayo hugeuka DDE, ambayo hukaa ardhini miaka na miaka. Endosulfani, dawa nyingine ya wadudu iliyoingizwa mwaka 2011 katika Mkataba wa Stockholm wa kudhibiti sumu zinazodumu, hugeuka salfati yake, ambayo ni sumu vilevile na hudumu zaidi. Tafuteni watoto wa sumu kwanza, kisha mzungumze na mkulima.

4. Udongo wa kulinganishia uliokusudiwa kuwa mfu uchemsheni katika otoklevu, chungu cha mvuke wenye shinikizo, kwa digrii 121, siku tatu mfululizo, kwa kuwa mbegu za bakteria huvumilia mara ya kwanza na kuamka kesho yake.

5. Msiwape bakteria sukari kwa huruma, maana wakishashiba sukari wengi wao huiacha sumu.

6. Bakteria wageni wakitiwa shambani huliwa na protozoa, vijidudu vya chembe moja, na kushindwa na bakteria wenyeji, kwa hiyo wasaidieni wenyeji kwanza kwa samadi, unyevu na hewa. Na pale dawa inapochanganyiwa, kinga ni bora: wakulima wa Uswidi walianza mwaka 1993 kuchimba mashimo ya kunasia dawa inayomwagika, yenye nyasi kavu nusu, mboji ya kinamasi robo na udongo robo. Sisi hatuna mboji ya namna yao, ila tuna makumbi ya nazi yanayotupwa kila ua. Tumeyakatakata na kuyajaribu kwa bibi yule, mbali na kisima, na ninaona yanashika unyevu vizuri, ingawa yasiponyunyiziwa wakati wa kaskazi hukauka na kazi husimama.

Sampuli za juzi tumezitupa. Jumatatu tunarudi Sabaki alfajiri, kabla jua halijapanda. Njooni na kasha la barafu, na ndoo moja zaidi kwa ajili ya udongo ambao hatutautia kitu.