Kabla hujasema nyuki wako ni mbegu mbaya

Ninyi mnaoanza kufuga nyuki hapa Rungwe, siku ya kufungua mzinga msile ndizi mbivu. Najua ni kuwabana, maana huku kwetu ndizi ndiyo chakula. Lakini nyuki akichoma huacha harufu inayofanana sana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo ndiyo inayowaita wenzake waje kushambulia.

Nilikuwa na mizinga miwili iliyonifukuza kila nikisogea. Nikaamua ni mbegu mbaya, nikawaandalia mafuta ya taa. Mzee mmoja akanizuia. Mzinga mmoja ulikuwa kando ya njia ya ng'ombe. Nikauhamisha usiku hadi ng'ambo ya bonde, na baada ya majuma machache nikawa naukagua kwa moshi kidogo tu. Wa pili niliuhamisha pia, wapi! Huo nikaubadilishia malkia, nikaupa binti wa kundi pole. Majuma ya kwanza ukali ulikuwa uleule, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Vuteni subira: vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, waliomo bado ni watoto wa malkia wa zamani. Kibarua mpya huchukua siku 19 hadi 21 tangu yai hadi kutoka kwenye sega, kisha hufanya kazi za ndani kwanza ndipo awe mlinzi. Katika mwezi wa pili tangu kubadili malkia nilikagua mikono mitupu.

Kwa hiyo damu na malezi msivitenganishe. Yai la malkia halina tofauti na la kibarua. Jana, yaani kitoto cha nyuki kilichotoka kwenye yai, likilishwa maziwa ya nyuki mfululizo ndilo linalokuwa malkia, kwa siku 15 hadi 16 tangu yai. Jeni ni zilezile, chakula kimewasha hizi na kuzima zile. Hata nyuki wa asili ya Ulaya wakilelewa ndani ya kundi lenye damu ya Kiafrika, huwa wakali kuliko ndugu zao waliobaki kwao.

Na mazingira yakidumu, damu yenyewe hubadilika. Kwetu nyegere na warina asali wamevunja mizinga vizazi na vizazi. Makundi makali ndiyo yaliyobaki na kuzaana. Mwaka 1956 malkia wa Kiafrika walipelekwa Brazil, na uzao wao ukafika kisiwa cha Puerto Rico mwaka 1994. Huko, ndani ya vizazi vichache, wakapoa. Huenda ni kwa sababu kisiwa kimejaa watu, na makundi makali ndiyo yaliyouawa kwanza.

Nanyi mnachagua vivyo hivyo kila mnapogawa kundi. Nunueni daftari. Andikeni tarehe, saa, mvua, maua yaliyochanua, nani alipita karibu, na miiba mingapi imebaki kwenye glavu. Kundi lisiuawe kabla daftari halijafikisha miezi mitatu.