Kuketi na wacheza mweso ukiwa mgeni Uganda

Ukihamia Kampala, Jinja au Masaka na bao ulilokulia nalo Tanga au Mombasa, haitachukua muda kabla hujaona watu wameinamia ubao chini ya mwembe au kando ya stendi ya bodaboda. Huo ni mweso, mchezo wa jadi wa Buganda. Kwa macho ni ndugu wa bao la Kiswahili: safu nne za mashimo manane, kete 64, kila mchezaji na safu zake mbili. Undugu huo ndio unaowaponza wageni. Wanaketi kucheza mchezo wa kwao juu ya ubao wa wenyeji, na zamu mbili tatu zikipita watu wameshachoka nao.

Kwa hiyo siku ya kwanza usiombe kuketi. Salimia kundi zima, "Mugyebale ko, bassebo," halafu simama nyuma ya mchezaji mmoja na utazame mpaka mchezo uishe. Mweso huchezwa haraka, mkono hautulii, na mwanzoni utapotea. Fuata mkono wa mtu mmoja tu. Kama kuna jambo hukulielewa, liulize kete zinapopangwa upya, si katikati ya zamu.

Tofauti za kukaa nazo kichwani ni hizi. Bao la Kiswahili linaanza na kete 10 ubaoni kwa kila mchezaji, sita za nyumba, yaani shimo lake kuu, na mbili mbili pembeni, na 22 zinabaki mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. Mweso hauna nyumba wala namua. Kete zako zote 32 zimo ubaoni tangu mwanzo: zinawekwa nne nne katika mashimo manane ya safu iliyo karibu nawe ili kila mtu ahakikishe hesabu, kisha anayeanza anazipanga upande wake apendavyo, na mwenzake anafuata. Hapo mgeni asikae akitafakari robo saa. Panga, cheza, ufungwe, upange tena.

Kula ndiko kunakowakosesha wengi. Chukua mfano. Shimo lako la pili kutoka kulia, safu ya nyuma, lina kete tatu. Unazisambaza kinyume cha mwendo wa saa: moja kwenye shimo la mwisho la safu ya nyuma, moja unapandisha kwenye shimo la mwisho la safu ya mbele, na ya tatu inaangukia shimo la pili la safu ya mbele, ambalo tayari lilikuwa na kete. Sasa tazama mbele. Kama mashimo yote mawili ya mpinzani katika mstari huo yana kete, tuseme mbili mbele na tano nyuma, unazoa zote saba. Mcheza bao akizoea kula safu ya mbele peke yake atachukua mbili na kuziacha tano, na kundi zima litapiga kelele. Kosa la pili linafuata papo hapo: zile saba haziendelei kutoka pale mkono ulipofika. Zinarudi kusambazwa kuanzia pale mzunguko huo uliokula ulipoanzia.

Lakini shimo moja kati ya yale mawili ya mpinzani likiwa tupu, huli kitu. Unachota kete za shimo lako uliloangukia na kuendelea mbele. Zamu inalala pale kete ya mwisho inapoingia shimo tupu. Ukishaelewa hilo utaona kwa nini wazoefu huacha mashimo ya mbele wazi mbele ya lundo lao kubwa: lundo haliliki. Kwa maoni yetu hili ndilo somo la kwanza la kumfundisha mtu, hata kabla ya mbinu yoyote ya kushambulia.

Shimo lenye kete moja halianzishi zamu, na anayebakiwa na kete moja moja tu amefungwa. Kuna pia ushindi wa vichwa viwili, yaani kula kwenye ncha zote mbili za ubao katika zamu moja, na kuna kula kwa kurudi nyuma kutoka mashimo manne ya kushoto. Haya mawili yaulize kabla ya kuketi, maana ndiyo yanayozua ubishi. Uliza pia mnafanyaje zamu isipolala. Hutokea kete zikazunguka na kuzunguka bila kukutana na shimo tupu, na bila makubaliano ya awali hakuna atakayekubali kuusimamisha mchezo.

Ukishakubalika, leta na ya kwako. Usisimulie ulivyokuwa bingwa mtaani kwenu. Mchezo ukiisha, rudisha ubao kama ulivyokuwa zamu moja ya kuamua, kete kwa kete, uulize: "Wazee, hapa mngechota wapi?" Watu watano watanyoosha mikono, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza, ya kete na ya mengine. Siku nyingine waonyeshe namua ya bao lenu kwa ubao ule ule. Lakini mchezo ukiwa unaendelea, usimnong'oneze mtu, hata akikuuliza kwa macho. Na dau la fedha likataeni pale wanapojifunza wageni.

Ubao wa nyumbani haugharimu kitu. Trei ya mayai 30 ina mashimo matano kwa sita. Chukua trei mbili, kata kila moja ibaki nne kwa nne, uzigundishe ubavu kwa ubavu juu ya kadibodi: mashimo 32. Kete ziwe maharage makubwa ya ukubwa mmoja. Mahindi huteleza vidoleni, na kokoto za ukubwa tofauti zinakupotezea hesabu, kwa sababu mchezaji hupima kete kwa kiganja bila kuzitazama. Hesabu 64 na uweke tano za akiba pembeni.